Kemeny, mwalimu aliyewapa wanafunzi ordinatere

Sisi watu wa migodi ya Katanga tuko na sababu yetu ya kumujua John Kemeny. Alizaliwa Budapest, mu Hungaria, tarehe 31 Mei 1926, mu jamaa la Wayahudi. Mwaka 1940 walikimbilia New York juu ya hatari ya Wanazi. Babu yake alikataa kuhama, na aliuawa. Kijana alimaliza sekondari akiwa wa kwanza, akaingia universite ya Princeton.

Mwaka 1945 walimutuma Los Alamos, pale Marekani ilikuwa inatengeneza bomu ya atomiki. Uraniumu nyingi ya ile kazi ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wazee wetu walichimba, wakachagua mawe na mikono, bila kuambiwa yanaenda wapi. Ku mwisho wa ile njia, Kemeny alikuwa anapiga hesabu: watu 20 hivi, zamu tatu mchana na usiku, na masini 17 za IBM zinazosoma karte zenye matundu. Hesabu moja ilikamata wiki mbili ao tatu. Zamu tatu, ile tunaijua vizuri!

Kisha vita alikuwa musaidizi wa Einstein, akapata doktora mwaka 1949, akaenda kufundisha hesabu ku Dartmouth, mu muji mudogo wa Hanover. Pale ordinatere haikuwako. Mwenzake Thomas Kurtz alikuwa anapanda treni mpaka upande wa Boston na sanduku la karte, kutafuta nafasi ku masini ya MIT. Kosa moja mu karte, kazi inarudi, unangojea safari ingine. Hata mahali masini ilikuwako, mambo yalikuwa vile vile: unatoa karte ku gishe, fundi anaziingiza, wewe unangojea inje.

Wale wawili waliona mutu hawezi kujifunza ku gishe. Walitaka kila mwanafunzi, hata wa historia ao wa siasa, akae yeye mwenyewe mbele ya klavye. Basi walifanya masini moja igawanye wakati wake kwa watu wengi, kila mumoja akipata kipande cha sekunde, na wakatunga BASIC, lugha nyepesi ya kuiamuru. Sehemu kubwa ya kazi waliifanya wanafunzi wao, vijana tu. Saa kumi ya usiku, tarehe 1 Mei 1964, programu za kwanza zilikimbia ku klavye mbili kwa wakati mumoja. (1 Mei! Sisi wa sindika tulifurahi kusoma hiyo.)

Mwanafunzi hakulipa kitu, wala hakuulizwa anataka kufanya nini. Ilikuwa kama biblioteke: unaingia, unakamata kitabu. Kisha laini za telefone zilifikisha masini mpaka ku masomo ya sekondari. Kemeny aliandika mwaka 1972 kama kazi ya mwaka muzima ya Los Alamos, mwanafunzi mumoja angeimaliza mangaribi moja, na wenzake wengi wakitumia masini ile ile.

Kwetu tunaona watoto wanaofundishwa ordinatere na chaki ku ubao. Wanachora klavye mu kayé, wanapata pointi, na masini yenyewe imefungiwa mu biro ya prefe.

Lakini ile «wote» ya Dartmouth haikuwa wote: ilikuwa ya wanaume peke yao. Kemeny alikuwa prezida wake kuanzia 1970, na mwaka 1972 wasichana waliingia. Akiwa prezida, aliendelea kufundisha darasani kila mwaka. Hapo tunamuheshimu sana, juu wakubwa wengi tunaowajua, wakipata biro, hawashuki tena mu shimo.

Mwaka 1979 Rais Carter alimuweka mukubwa wa komisyo iliyochunguza ajali ya santrale ya nyuklia ya Three Mile Island. Komisyo haikutupa kosa lote juu ya wafanyakazi wa zamu ile. Ilisema walifundishwa vibaya, na ikashitaki pia usimamizi.

Aliacha uprezida mwaka 1981, akarudi mu darasa. Alikufa tarehe 26 Desemba 1992, na miaka 66. BASIC, yeye na Kurtz waliiachilia bure. Utajiri wake waliukamata wengine.