Freddie Mercury: Mwana wa Unguja Aliyepatanisha Opera na Roki

Kitongoji cha Bugolobi, mjini Kampala, kina barabara mbili zinazofaa kutajwa mwanzoni mwa habari hii. Ya kwanza ni Faraday Road, ambako Redio Uganda ilikuwa na kiwanja cha mitambo yake ya kurushia matangazo. Ya pili ni Bandali Rise, jina lenye asili ya Kihindi lililobaki mahali pake hata baada ya Waasia wa nchi hii kuamriwa kuondoka mwaka 1972. Redio na kuhama ni mambo mawili yaliyoyaongoza maisha ya mwanamuziki tunayemkumbuka leo. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, lakini wazazi wake walimwita Farrokh Bulsara.

Farrokh alizaliwa katika Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza, na mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, yaani watu wa dini ya Zoroasta, ambao wazee wao walihama Uajemi karne nyingi zilizopita wakakaa Gujarati, katika Bara Hindi. Hivyo mtoto huyo alizaliwa katika jamaa iliyokwisha kuzoea kuwa na kwao zaidi ya kumoja.

Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka saba hivi. Alipofikia miaka minane wazazi wake walimpeleka kwa meli hadi Bara Hindi, katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, kwenye milima iliyo kusini-mashariki ya Bombay. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alitambua upesi kipaji cha mtoto huyo, akawaandikia wazazi wake kuwashauri waongeze ada kidogo ili afundishwe piano kwa utaratibu. Wazazi walikubali. Farrokh alisoma muziki wa Ulaya kwa nadharia na kwa vitendo, akafaulu mitihani mpaka daraja la nne.

Masomo ya namna hiyo si mchezo. Mwanafunzi hufundishwa jinsi ya kuketi, jinsi ya kukunja vidole, na jinsi ya kusoma alama zilizoandikwa juu ya mistari mitano. Haruhusiwi kuongeza wala kupunguza. Kazi yake ni kuutii mwandiko wa mtunzi. Kumbe katika miaka hiyo hiyo ya 1950 redio zilikuwa zikieneza muziki wa namna nyingine kabisa, ule wa roki kutoka Marekani. Miongoni mwa waliovuma alikuwapo Little Richard, ambaye naye alikuwa mpiga piano, lakini aliipiga kwa kuigonga, akiwa amesimama, huku akipaza sauti kwa nguvu zake zote. Hebu msomaji afikirie mtoto aliyezoea mazoezi ya vidole asikiapo kwa mara ya kwanza chombo kile kile anachokijua kikitoa mlio ule.

Watoto wengine wangechagua upande mmoja. Farrokh hakuchagua. Wanafunzi wenzake walisimulia baadaye kwamba aliweza kuusikia wimbo mara moja tu redioni, kisha akaenda kwenye piano na kuupiga. Mwaka 1958, akiwa na miaka kumi na miwili, yeye na wenzake waliunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, wakawa wakipiga nyimbo za Little Richard na za Cliff Richard. Mchana alikuwa mwanafunzi wa muziki wa alama. Jioni alikuwa mpiga roki. Wenzake ndio waliompa jina la Freddie.

Alirudi Unguja akiwa kijana, lakini hakukaa sana. Tarehe 12 Januari, 1964, Mapinduzi yaliiondoa serikali ya Sultani, na watu wengi wakapoteza maisha. Katika miezi iliyofuata jamaa ya Bulsara ilikimbilia Uingereza, ikafikia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa London. Wakazi wa Kampala walioyaona ya mwaka 1972 hawahitaji kuelezwa sana maana ya safari hiyo: mtu kufunga sanduku moja, kuacha nyumba na makaburi ya wazee wake, na kuanza upya penye baridi miongoni mwa watu wasiomjua.

Huko London Freddie hakusomea muziki. Aliingia Chuo cha Sanaa cha Ealing, akamaliza masomo ya uchoraji na usanifu wa michoro mwaka 1969. Alimpenda mno mpiga gitaa Jimi Hendrix, akawa akimchora mara kwa mara. Kwa kujipatia riziki aliuza nguo kuukuu katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Mwaka 1970 alijiunga na Taylor na mpiga gitaa Brian May, akaipa bendi yao jina la Queen, naye akajiita Mercury. John Deacon, mpiga gitaa la besi, aliingia mwaka 1971.

Miaka minne baadaye wakaitoa kazi ambayo ndiyo hasa kiini cha habari hii. Wimbo Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Mercury, ulitolewa tarehe 31 Oktoba, 1975. Unachukua dakika sita kasoro sekunde tano, wala hauna kiitikio. Huanza kwa sauti za watu wengi bila ala, hufuata wimbo wa polepole wa piano, kisha gitaa peke yake, kisha opera, kisha roki yenye kishindo, na mwishowe hurudi kwenye utulivu. Sehemu ya opera peke yake ilichukua wiki tatu kurekodiwa. Ingawa msikilizaji hudhani anasikia kwaya kubwa, waliokuwa wakiimba ni watatu tu: Mercury, May na Taylor. Waliimba tena na tena, sauti juu ya sauti, hata utepe wa kurekodia ukaanza kuchakaa.

Mtu aliyelelewa katika kwaya za sauti nne, kama zile za Namirembe na Rubaga, akiusikia wimbo huu kwa mara ya kwanza huenda akashtushwa na magitaa. Lakini akitega sikio atakutana na mambo anayoyafahamu. Atasikia sauti zikiitana na kujibizana, za juu na za chini, kama katika kazi za watunzi wakubwa wa Ulaya. Atasikia majina ya Kitaliano yaliyotoka katika opera na michezo ya kuigiza ya zamani. Na katikati yake atasikia lile neno la Kiarabu ambalo Mwislamu huanzia nalo kila jambo, neno ambalo mtoto wa Mji Mkongwe hakosi kulisikia kila siku. Kwa hiyo mwanamuziki wa shule ya zamani hana sababu ya kuudharau wimbo huu. Aliyeutunga alipitia mazoezi yale yale, ila hakukubali kwamba mazoezi ni ukuta wa kumzuia asisikie mengine.

Wakuu wa kampuni ya santuri waliona kwamba wimbo ni mrefu mno, na kwamba redio hazingeupiga. Ikawa kinyume. Mtangazaji Kenny Everett wa London alipata nakala yake, akaurusha mara kumi na nne katika siku mbili za mwisho wa wiki, na wasikilizaji wakamiminika madukani kuutafuta. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Redio iliyomfundisha mtoto wa Panchgani ndiyo iliyomtangaza.

Tarehe 13 Julai, 1985, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, Mercury alitembea jukwaani Wembley, mbele ya watu wapatao 72,000, akaketi kwenye piano na kuanza kwa wimbo huo. Halafu alirudi waziwazi kwenye muziki wa utotoni mwake. Tangu mwaka 1983, alipomsikia Montserrat Caballé wa Hispania akiimba opera London, alitamani kuimba naye. Walikutana Barcelona mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakatoa albamu pamoja. Bibi huyo, aliyekuwa miongoni mwa waimbaji wakuu wa opera wa zama zake, hakuona aibu kusimama na mwimbaji wa roki.

Wakati huo Mercury alikuwa amekwisha kugunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI. Aliificha habari hiyo mpaka tarehe 23 Novemba, 1991, alipotoa tangazo; kesho yake akafariki dunia, akiwa na miaka 45. Mazishi yake yaliongozwa na makasisi wa dini ya wazazi wake. Hapa Waganda watamkumbuka Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa akiishi Sweden, ambaye mwaka 1989 alijitangaza hadharani kuwa na ugonjwa huo, akazunguka nchini kuwaonya watu, akafariki Desemba mwaka huo huo. Mmoja alinyamaza, mwingine alisema. Aliyesema aliwafaa wengi zaidi. Hata hivyo, katika miaka ile ya hofu na kunyoshewana vidole, ni vigumu kumlaumu aliyenyamaza.

Unguja yenyewe ilichukua muda mrefu kumpokea mwanawe. Mwaka 2006 sherehe iliyotayarishwa huko kwa kutimia miaka sitini tangu azaliwe ilivunjwa, baada ya kikundi cha dini kupinga kwamba maisha yake hayakuafikiana na mafundisho ya Uislamu. Lakini tarehe 24 Novemba, 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa katika Mji Mkongwe.

Kwa vijana wanaojifunza muziki, maisha haya yana funzo lililo wazi. Alama na mistari mitano si kitu cha kutupwa, na wimbo mpya wa redioni si kitu cha kuzibiwa masikio. Farrokh Bulsara alivisikiliza vyote viwili kwa heshima moja tangu utotoni. Pia tunakumbushwa kwamba watoto waliotoka katika miji yetu wakiwa na sanduku moja mkononi waliondoka na kipaji ambacho kingeweza kuchanua hapa.