Philipp von Ferrary, Mkusanya Stempu

Philipp von Ferrary alizaliwa Paris mwaka 1850, mwana wa watu matajiri mno. Tangu utoto alipenda stempu, na mali yake aliitumia kuzinunua, hata akaipata ile ya senti moja ya Guiana ya Kiingereza ya mwaka 1856, ambayo ni moja tu ijulikanayo duniani. Aliusia stempu zake ziwekwe katika nyumba ya makumbusho ya posta mjini Berlin, watu wapate kuzitazama. Lakini alifariki mwaka 1917, Ufaransa na Ujerumani zikiwa vitani. Stempu zilikuwa Paris; serikali ya Ufaransa ikazitwaa kuwa mali ya adui, na tangu mwaka 1921 zikauzwa kwa mnada. Hivyo zile alizozikusanya maisha yake yote zikatawanyika tena ulimwenguni.