Askari wa Dar es Salaam Katika Filamu za Berlin

Novemba 1884 Carl Peters alivuka kutoka Unguja akatua Saadani, kisha akaingia bara kukusanya ile mikataba ya hila iliyozaa koloni la Wajerumani. Mwaka 1941 safari hiyo ilitolewa filamu huko Ujerumani, na miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo mzaliwa wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, ambaye jina lake la utotoni ni Mahjub bin Adam Mohamed.

Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani, lile ambalo Wasudani wake wa kwanza waliletwa Bagamoyo mwaka 1889 kumpiga Bushiri bin Salim. Mahjub, aliyezaliwa 1904, naye alitiwa jeshini angali mtoto. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka 1917, akatekwa na Waingereza.

Baada ya kutumika melini, alifika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kuwa amechelewa. Hakurudi. Alihudumu mkahawani, akafundisha Kiswahili chuoni, na tangu 1934 akaigiza katika filamu zipatazo ishirini, aghalabu kama mtumishi wa Mzungu. Alivaa pia sare ya askari katika mikutano ya waliotaka makoloni yarudishwe. Hilo tusilifiche, wala tusidai kwamba kila mara alishurutishwa. Aliamini kuwa utumishi wake ulikuwa deni juu ya Wajerumani. Alipoomba nishani ya vita, walimnyima.

Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kizungu Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika serikali. Mwaka ule ule wa filamu ya Peters, Wanazi walimkamata kwa tuhuma ya kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kizungu, jambo lililokuwa haramu kwa itikadi yao ya rangi. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Wakuu wanaosimamia mambo ya kale wangefanya vyema kumpa nafasi Bagamoyo, kando ya habari za Peters na Bushiri, hata kama atawaudhi baadhi ya watazamaji. Wajerumani wenyewe waliweka mwaka 2007 kijiwe chenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa Berlin.