Sidi Mubarak Bombay, Msafiri wa Bara

Mtoto akaaye Igoma huweza kwenda kwa miguu mpaka ziwani na kurudi siku ile ile. Kwake ziwa ni jambo la kila siku: ni maji, ni samaki, ni mitumbwi na majabali makubwa. Lakini zamani watu wa nchi za mbali walibishana sana juu ya ziwa hili. Mzungu wa kwanza kuliona alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Jina lake John Hanning Speke, na ghuba mojawapo ya ziwa yaitwa Ghuba ya Speke hata leo. Walakini Speke hakuja peke yake. Alifuatana na Mwafrika mmoja, na kama si ulimi wa mtu huyo, asingaliweza kuuliza habari yo yote njiani. Huyo ndiye Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, wafanya biashara wenye bunduki walikuja kijijini kwao kudai deni. Watu wakakimbia ovyo, wengi wakakamatwa, naye akawa mmoja wao. Akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa sokoni kwa vipande vya nguo. Bwana aliyemnunua akamchukua Bara Hindi. Huko jina alilopewa na wazazi wake likapotea. Akaitwa Sidi, kama walivyoitwa Waafrika wa nchi ile, na Bombay, kwa jina la mji. Akakaa miaka mingi, akajua Kihindi. Hata bwana wake alipokufa, akapata uhuru, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani.

Mwezi wa Februari 1857 alikuwa katika boma la Chogwe, karibu na mto Pangani, walipopita Waingereza wawili, Richard Burton na Speke. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, lakini alijua Kihindi, kwa kuwa alikuwa askari Bara Hindi. Basi lugha ile Bombay aliyojifunza katika utumwa ikamfungulia mlango. Speke alisema kwa Kihindi, na Bombay aligeuza maneno kwa Kiswahili.

Mwezi wa Juni mwaka ule wakaondoka pwani. Siku zile hapakuwa na gari wala barabara. Mizigo yote ilichukuliwa na wapagazi, na fedha ya safari ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Homa iliwashika wakubwa kwa wadogo, na mara kwa mara wapagazi walitoroka na kuacha mizigo. Wakapita Kaze, palipo Tabora sasa, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858. Waliporudi Kaze, Burton alikuwa mgonjwa. Ndipo Speke alipoondoka na Bombay na watu wachache kwenda kaskazini, tarehe 9 Julai. Walitembea siku 25, hata wakafika Mwanza, wakaona maji yasiyo na mwisho.

Speke alitaka sana kujua ziwa lafika wapi. Akamwuliza Bombay, Bombay akawauliza wenyeji, na jibu likarudi kwa njia ile ile: mwisho wake haujulikani, labda hufika mwisho wa dunia. Speke akasadiki moyoni kwamba mto Nili hutoka hapa. Lakini waliporudi Kaze, Burton alikataa. Alisema kwamba huenda Bombay hakufahamu vema maneno ya Speke, tena akayageuza vibaya. Hivyo sifa ya safari nzima ikategemea jambo hili: je, maneno ya mtu aliyekuwa mtumwa yaaminika?

Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na Grant, na Bombay akafuatana nao tena. Wakapita Karagwe na Uganda. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona mahali Nili utokapo ziwani, karibu na Jinja. Wakaufuata mto kwenda kaskazini, na mwaka 1863 wakafika Misri. Lakini ubishi haukwisha, na Speke alikufa mwaka 1864. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akianzia na kurudi pwani ya Usukuma, akaona kwamba ni ziwa moja kubwa. Habari walizochukua Mwanza hazikuwa za bure.

Mwaka ule Bombay alikuwa mbali. Alikwisha kumwongoza Stanley hata Ujiji kwa Livingstone mwaka 1871. Sasa alikuwa pamoja na Cameron. Waliondoka Bagamoyo mwaka 1873, na mwezi wa Novemba 1875 wakatokea Bahari ya Atlantiki. Basi Bombay alivuka Afrika kwa miguu toka bahari hata bahari.

Bombay hakuwa mtu asiye na kosa. Mabwana zake walinung'unika kwamba alipenda pombe. Nao hawakumtendea haki siku zote, maana Speke na Stanley walimpiga kwa hasira. Lakini wengine walipotoroka, yeye alibaki, na safari zote nne alizimaliza. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Akafa mwaka 1885.

Ghuba ina jina la Speke, na ziwa lina jina la Malkia Victoria. Hapana maji yaitwayo kwa jina la Bombay. Lakini ninyi mnaokaa karibu na ziwa hili, mkisoma kwamba Speke aliuliza na wenyeji wakajibu, kumbukeni yule aliyesimama katikati yao akayachukua maneno kwa uaminifu.