Thomas Graham, mwanakemia wa jeli

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1805. Baba yake alitaka awe mchungaji wa kanisa. Kijana akashika kemia, na wawili hao wakafarakana.

Mwaka 1861, akiwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha serikali mjini London, alionyesha jinsi utando mwembamba unavyopitisha chumvi na kuzuia gundi. Utenganishaji huo aliuita dayalisisi, jina linalotumika hadi leo kwa usafishaji wa damu ya wagonjwa wa figo.

Mwaka 1864 alieleza jinsi ya kuondoa maji katika jeli ya silika na kutia spiriti badala yake. Lilionekana jambo dogo. Graham alifariki mwaka 1869. Mwaka 1931 Mmarekani Samuel Kistler alipitia njia hiyo kutengeneza erojeli, kitu kigumu ambacho karibu chote ni hewa.