Pockels: Mwanafizikia wa 1893 aliyemo kwenye bando lako

Kijana wa Kitomanga, mkoani Lindi, akituma video WhatsApp, anachokiona ni mnara tu. Kumbe safari ni ndefu. Kutoka mnarani video inaingia kwenye mkongo, na ikitoka nje ya nchi inapita nyaya za baharini kama SEACOM, iliyoanza kazi 2009, au EASSy, iliyofuata 2010. Zote mbili zimetia nanga Dar es Salaam.

Umuhimu wake ulionekana Mei 12, 2024, nyaya hizo zilipopata hitilafu na intaneti ikagoma sehemu kubwa ya Tanzania.

Ndani ya mkongo video haibebwi na umeme. Inabebwa na mwanga, unaobadilishwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Sasa, umeme unawezaje kuuamrisha mwanga? Jibu lilithibitishwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Friedrich Pockels.

Malaria yaihamisha familia

Pockels alizaliwa Juni 18, 1865, mjini Vicenza, kaskazini mwa Italia ya leo. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Austria, na baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la nchi hiyo.

Malaria, ugonjwa ambao mtu wa pwani ya Lindi hahitaji kuelezwa, siku hizo ulisumbua hata Ulaya. Uliiandama familia hiyo mpaka baba akaacha jeshi. Mwaka 1871 wakahamia Braunschweig, Ujerumani.

Nyumbani kulikuwa na dada, Agnes, aliyemzidi Friedrich miaka mitatu. Naye aliipenda fizikia, ila vyuo vikuu havikuwa vinapokea wanawake. Friedrich akaenda kusoma Göttingen, Agnes akabaki na kazi za nyumba na kuuguza wazazi.

Mdogo mtu hakumsahau dada yake, akawa anampatia vitabu vya chuo. Agnes akajifunza mwenyewe, akachunguza tabia ya uso wa maji kwa vifaa vya kujitengenezea. Mwaka 1891 kazi yake ikachapishwa na jarida la Nature la Uingereza, kwa msaada wa mwanasayansi Lord Rayleigh.

Dalili moja, sababu mbili

Friedrich alipata shahada ya udaktari mwaka 1888, akajikita kwenye kristali. Eneo hilo lilikuwa na ubishi wake.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya kristali, ikiwemo kwatzi, zikibanwa zinatoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, zinajibana au kujinyoosha kidogo sana. Mwaka 1883 Röntgen na Kundt, kila mmoja kwa upande wake, wakaona kwamba kwatzi ikipewa umeme inabadilisha namna inavyopitisha mwanga.

Hapo ndipo penye shughuli. Je, umeme wenyewe ndio unaoathiri mwanga? Au umeme unaibana kristali, na kule kubanwa ndiko kunakoathiri mwanga? Kwa macho, matokeo ni yaleyale.

Pockels aliamua kutenganisha. Alipima mwanga unabadilika kiasi gani kristali ikibanwa bila umeme. Akakokotoa umeme unaibana kristali kiasi gani. Kisha akatoa sehemu hiyo kwenye badiliko lote. Kilichobaki hakikuweza kuelezwa kwa kubanwa. Ilikuwa kazi ya umeme wenyewe.

Badiliko hilo linakwenda sambamba na umeme: ukiongeza nguvu ya umeme mara mbili, nalo linakuwa mara mbili. Ila halitokei kwenye kila kitu. Linahitaji kristali ambayo mpangilio wake wa ndani haulingani pande zote za kitovu. Leo linaitwa athari ya Pockels.

Hakuiona faida yake

Mwaka 1900 akawa profesa wa fizikia ya nadharia Heidelberg, na 1906 akatoa kitabu kikubwa kuhusu mwanga katika kristali. Alifariki Agosti 29, 1913, akiwa na miaka 48. Leza ya kwanza ilikuja 1960, yaani miaka 47 baadaye. Agnes aliishi hadi 1935, na 1932 chuo cha Braunschweig kilimpa udaktari wa heshima.

Leo kifaa kinachotumia athari hiyo kinaitwa moduleta. Mwanga wa leza unagawanywa kwenye vinjia viwili vyembamba. Kimoja kinapewa umeme, mwanga wake unachelewa nusu ya wimbi. Vinjia vikikutana, mawimbi yanafutana: giza. Umeme ukitolewa, mwanga unarudi. Mitambo mingi ya mikongo mirefu imetegemea kristali ya lithiamu niobati kwa kazi hii.

Sasa ni zamu ya polima

Maabara duniani zinajaribu kuweka polima, jamii ya plastiki, mahali pa kristali. Kazi yake si mchezo, maana molekuli za polima zimekaa ovyo, kila moja imetazama kwake, na zikiwa hivyo athari ya Pockels haipo.

Kwa hiyo polima inapashwa moto mpaka ilegee, inapewa umeme mkali ili molekuli zigeukie upande mmoja, halafu inapozwa umeme ukiwa bado umewashwa. Zinaganda kama wanafunzi mstarini.

Kisha vipimo vinaanza. Umeme kiasi gani unatosha kuupeleka mwanga kutoka nuru hadi giza? Mwanga kiasi gani unapotea njiani? Je, polima ikikaa muda mrefu kwenye nyuzi joto 85 za Selsiasi, molekuli zitabaki zimepangika au zitarudia ovyo wake?

Jibu la swali la kwanza limekuwa zuri: polima inaweza kwenda kasi sana kwa umeme mdogo. La tatu, la kudumu kwenye joto, ndilo lililowasumbua watafiti kwa miaka mingi. Na kila wanapopima, bado wanalazimika kuhakikisha kwamba mwanga umebadilishwa na umeme, na si na joto au kubanwa. Ni kazi ileile aliyoifanya Pockels.