Sheikh Ramiya, mchuuzi wa samaki aliyekuwa khalifa wa Bagamoyo



Ndugu msomaji, apitaye leo Manyoni na Itigi, mkoani Singida, huona reli na barabara. Katika karne ya 19 nchi hiyo iliitwa Mgunda Mkali. Vichaka vilifungamana, maji yalikuwa haba, na misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilipiga mwendo wa siku nyingi humo kabla ya kuingia Ugogo na kuteremka Bagamoyo. Zilipita pembe za ndovu, na walipita pia wanadamu waliotekwa Manyema, mashariki ya Kongo, wakiwamo watoto wadogo. Wengi wao hakuna aliyeandika majina yao.

Miongoni mwa watoto wa Manyema waliofikishwa Bagamoyo utumwani, mmoja jina lake lingali likitajwa: Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya. Alinunuliwa akaingia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, tajiri wa Kiomani aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa mji. Humo ndimo alimolelewa katika Uislamu. Hilo "bin Abdallah" lina maana yake, kwani ndivyo ilivyo desturi kumwita aliyesilimu ambaye baba yake hakuwa Mwislamu. Katika mji ambao mtu aliulizwa kwanza ukoo wake, jina hilo lenyewe lilikuwa jibu, na halikuwa jibu la fahari.

Ramiya alianza na uchuuzi mdogo wa samaki. Tusiipite haraka kazi hiyo. Mchuuzi wa samaki hana duka wala ghala. Mali yake huoza jua likipanda, na faida yake ni senti chache. Humtegemea mvuvi amwamini asubuhi, naye lazima amlipe jioni. Asiye na jamaa wala nasaba hana dhamana nyingine ila uaminifu wake. Kwa mwendo huo mtu huyu alipanda daraja baada ya daraja, hata akawa na mashamba ya minazi na kuhesabiwa miongoni mwa wenye ardhi wa Bagamoyo.

Mali haikumtosha. Alikaa kitako mbele ya wanavyuoni, akiwemo Sheikh Abubakar bin Taha, akasoma kama asomavyo mwanafunzi yeyote. Kwa mtu mzima aliyekwisha kujitegemea, kukaa mkekani na kusahihishwa mbele ya vijana si jambo jepesi. Nadhani hapo ndipo unyenyekevu wake ulipopimwa kuliko sokoni. Baadaye alifungua chuo chake mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipokea ijaza ya tarika ya Qadiriyya, tarika iliyokuwa imeenezwa sana katika pwani yetu na Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909.

Katika halka ya dhikri mwungwana na aliyekuwa mtumwa walishikana mikono. Hilo liliwavuta watu wa bara, Wamanyema na wengineo, ambao katika miji ya pwani walizoea kuketi nyuma. Wanafunzi wakaja kutoka mbali, wakarudi makwao na elimu. Hivyo njia ile ile iliyoteremsha watumwa ikapandisha walimu.

Waingereza walipoutwaa mji wa Bagamoyo mwaka 1916, walimpa Ramiya kazi ya uliwali. Tafakari, ndugu yangu: utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Maana yake ni kwamba mtu aliyeletwa mjini akiwa bidhaa aliketi kuamua mashauri ya watu huku sheria ikiwa bado haijaufuta utumwa.

Sheikh Ramiya alifariki dunia mwaka 1931, akazikwa Bagamoyo. Ukhalifa ukashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, na chuo kikaendelea kupokea wanafunzi. Kwa miaka mingi maulidi ya Bagamoyo yamekusanya maelfu ya watu, wakiwamo wa kutoka bara, nao hufika kaburini kwake kumwombea dua.